Simbilisi kanyonyoka: sindano au matone?

Wafugaji wa Tanga hubishana: simbilisi akijikuna hadi vidonda kwa utitiri, ivamektini (dawa ya kuua vimelea) ya sindano au ya matone?

Kwa uhakika, sindano: hakuna cha kulambwa. Gharama ya chupa ya dawa hiyo ya mbuzi si kubwa, ila ile ya asilimia 1 ni kali mno kwa simbilisi. Simbilisi wa gramu 800 huhitaji kama mililita 0.03, hata tone zima halifiki. Bila daktari wa mifugo, usithubutu.

Matone humfaa mwenye mimba au mwoga: unadondosha nyuma ya masikio, basi. Wanaolambana watenganishe hadi yakauke.

Zote hurudiwa, maana mayai hayafi, na maranda anayolalia yabadilishwe.

Vipara vya magamba puani? Huenda ni fangasi. Hapo dawa zote mbili hazisaidii. Vaa glavu, huambukiza watu.