Uzoefu wangu: multimita ya shilingi 1,500 kwenye gari la faiba, Mombasa

Gari ni la spoti la kuunda mwenyewe, mtindo wa Lotus Seven: chasisi ya mabomba ya chuma, paneli za alumini, pua na madigadi ya faiba, injini ya Ford 1600 yenye kabureta mbili za Weber 40. Multimita, yaani kifaa cha kupima umeme, ni ile ndogo ya njano yenye tundu la ampea 10. Naipa nyota nne kati ya tano, na zote imezipata kwa kipimo kimoja ambacho karatasi yake ya maelekezo haikitaji kabisa: volti zinazopotea njiani wakati kifaa kinafanya kazi.

Gari la kawaida hurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi zima la chuma. Faiba haipitishi umeme, na rangi ya unga iliyochomwa juu ya chasisi haipitishi pia. Basi kila taa inategemea waya wake wa ardhi, ethi kama mafundi waitavyo, na hewa ya chumvi ya hapa huila shaba mpaka ikawa kijani ndani ya mpira, pasipoonekana.

Dalili zake zinapotosha. Ukikanyaga breki, taa ya nyuma inafifia na indiketa zinawaka kidogo: umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia balbu jirani. Geji ya joto ikiruka mara tu uwashapo taa kubwa, maji hayajachemka. Geji na taa zinatumia ethi moja mbovu. Stata ikizungusha kwa uchovu na kebo ya klachi ikashika moto, acha kupiga stata hapo hapo. Mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi umekatika, na umeme wa stata unarudi kupitia kebo hiyo.

Kupima: weka mita kwenye DC volti 20. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si kishikizo chake. Ncha nyekundu iguse upande wa ethi wa kifaa, kisha washa kifaa hicho. Kwa taa, namba isizidi 0.2. Kwa stata, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, zungusha sekunde chache, isizidi 0.5. Ikizidi, rudi na ncha nyekundu kiungo kwa kiungo kuelekea betri. Panapoanguka namba ghafla, kiungo ulichokivuka hivi punde ndicho kibovu. Usitegemee mlio wa mita wa kuonyesha waya haujakatika, wala kipimo cha omu (ukinzani): kebo iliyobakiwa na uzi mmoja mzima italia vizuri tu, lakini stata inataka zaidi ya ampea 100.

Dawa yake si kukaza nati. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu. Kutoka injini hadi chasisi tumia kebo ya milimita 25 za mraba. Taa za nyuma, waya wa 2.5 kila moja hadi bolti moja ya pamoja. Usifunge kishikizo cha shaba moja kwa moja kwenye alumini, kwani kwa chumvi hii alumini italika na kuwa unga mweupe.

Injini ikichemka kwenye foleni ya feri Likoni, kupima umeme kunakufikisha nusu ya njia. Unganisha nyaya mbili za swichi ya joto ya redieta, ile inayowasha feni, kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, umeme ni mzima; ama swichi imekufa, ama hewa imekwama na maji ya moto hayaifikii. Pua ya magari haya iko chini, hewa hukusanyika kichwani mwa injini. Injini ikishapoa, inua mbele kwa jeki mpaka tangi la maji liwe juu kuliko vyote, jaza polepole huku ukiminya hosi ya juu.

Injini ikikosakosa kwa sababu ya mpira uliochanika kati ya Weber na manifoldi (bomba linaloingiza hewa na mafuta kwenye injini), mita hii haioni. Hapo ni macho na masikio.

Nyota niliyoizuia: kioo hakisomeki juani, na betri yake ya volti 9 ikichoka inasoma juu kuliko kweli, hata betri ya gari iliyokufa inaonekana nzima. Betri iliyojaa na kutulia isome 12.6, mita ikikupa 13.5 injini ikiwa imezimwa tangu jana, badilisha betri ya mita kwanza. Na ukitafuta umeme unaovuja usiku, anza na tundu la ampea 10. Tundu dogo huunguza fyuzi yake mara moja, na kuibadilisha ni lazima ufungue skrubu nne za mgongoni.