Tozo ya Entebbe na ya Nairobi: hasara ni ya nani?

Ukitoa shilingi 5,000 za gari dogo kwenye kituo cha tozo cha Kajjansi, katika barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe nchini Uganda, unaweza kudhani barabara imeuzwa. Haijauzwa. Ilijengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China, ikafunguliwa 2018. Kampuni ya Egis ya Ufaransa iliajiriwa tu kuiendesha na kukusanya tozo, iliyoanza Januari 2022. Magari yakipungua deni halipungui, na anayejaza pengo ni mlipa kodi.

Barabara ya kasi ya Nairobi, Kenya, ni kinyume. Kampuni ya Kichina ilileta fedha na kupewa mkataba wa miaka 27, hivyo uchache wa magari ni mzigo wake. Ila hatari ya sarafu ilirudi kwa dereva: shilingi ya Kenya ilipoporomoka, tozo ya safari nzima, Mlolongo–Westlands, ilipanda kutoka 360 hadi 500 mwanzoni mwa 2024.

Kote kuwili barabara ya zamani ni bure (bodaboda hata haziruhusiwi kwenye mpya), kwa hiyo bei ikizidi, madereva hurudi huko, na foleni, kama ile ya Zana kwenye barabara ya zamani ya Entebbe, inarudi palepale.

Tunaona afadhali mfumo wa Entebbe. Kwa barabara ya kasi ya Kampala–Jinja, iliyopangwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi, swali la kwanza liwe: tozo imefungwa kwa shilingi au kwa dola?