Darubini ipi ununue ukitaka kutazama sayari

Ukikuta boksi limeandikwa "hukuza mara 525", liache hapo hapo dukani. Kinachokupa picha nzuri ni upana wa lenzi au kioo cha mbele. Wazoefu hukadiria mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo lenzi ya milimita 60 inaishia mara 120. Ukizidisha hapo, unakuza ukungu tu.

Mtihani wangu ni mmoja: je, darubini hii itanionyesha kitu chenye ukubwa wa Dunia kikiwa kule Mshtarii? Kitu hicho kipo. Doa Jekundu Kubwa ni dhoruba pana kuliko Dunia yetu, nayo imekaa juu ya sayari yenye kipenyo mara 11 ya Dunia. Lakini Mshtarii, hata ikitukaribia, huwa umbali wa kilomita zipatazo milioni 600.

Nafasi ya kwanza naipa darubini ya kioo ya milimita 150 iliyo juu ya kitako cha Dobson, kile kifupi cha mbao kinachozunguka. Usiku hewa ikitulia, doa unaliona. Usipoliona, subiri: Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, litakuja. Pete za Zohali hapa zinapendeza kweli. Mirihi, yenye kipenyo karibu nusu ya Dunia, inakuwa ya maana kila baada ya miezi 26 hivi inapotukaribia. Wakati mwingine ni kitone cha rangi ya chungwa. Taabu yake ni uzito, vioo vinavyotaka kulinganishwa upya, na nusu saa ya kuiacha nje ipoe.

Ya pili ni darubini ya lenzi ya milimita 70 au 80. Doa litakusumbua, ila mikanda miwili ya mawingu ya Mshtarii na pete za Zohali utaziona. Anayeishi ghorofani aanze na hii. Igonge kidogo kabla ya kulipa: picha ikitikisika muda mrefu, stendi yake haifai.

Ya tatu ni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani hukuza mara 10 na lenzi zake za mbele ni za milimita 50. Mtihani inafeli kabisa, lakini ukiegemea ukuta utaona miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mmoja wao, Ganymede, ni mkubwa kuliko sayari ya Zebaki, na bado utauona kama nukta.

Usiongeze pesa kwa ajili ya Zuhura. Kwa ukubwa inakaribia Dunia (kilomita 12,104 kwa 12,742), ila imejifunika mawingu mazito. Utaona umbo lake likibadilika kama mwezi mwandamo, basi.

Na kama ndani ya boksi mna kichujio kidogo cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, ile unayochungulia, kitupe. Joto hukipasua ukiwa unatazama. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini.