Orodha Nyekundu ya IUCN: nimeitumia kupanga msitu wa kijiji huku Uvinza, haya ndo maoni yangu

Wadau, naongelea ile webusaiti ya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inayoonyesha mnyama gani au mti gani uko hatarini kutoweka na upi bado una nafuu. Ni bure, kusoma hakuhitaji akaunti, ukitaka kupakua data ndo unajisajili. Kamati yetu ya maliasili inaandaa mpango wa msitu wa kijiji kwahiyo nimekaa nayo sana, naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja ninayoibana nitasema ni ya nini.

Watu wengi wakifungua wanaishia kwenye kale kaduara ka rangi kenye herufi. Wakiona LC, yaani bado ana nafuu, wanasema aah huyu mzima, wakiona CR, yaani yuko hatarini kabisa kutoweka, wanasikitika wanafunga simu. Utamu wote uko chini yake jamani. Fungua ukurasa wa sokwe mtu, ameandikwa EN, yaani yuko hatarini, hatua moja kabla ya CR, halafu kuna alama ya A4 imefuatiwa na vijiherufi, usiiruke. A maana yake kawekwa hapo kwa sababu anapungua kwa kasi, sio kwa sababu wamebaki wachache kabisa, na hiyo 4 maana yake wamehesabu kipindi kinachotoka nyuma kikaenda mbele, kwa sokwe ni toka 1975 mpaka 2050, miaka 75, vizazi vitatu, na ndani ya hapo wanakadiria upungufu wa zaidi ya nusu. Kwanini miaka yote hiyo? Kwa sababu sokwe jike akishazaa anakaa miaka mitano sita ndo azae tena, sasa ukipoteza majike kumi kwenye bonde hutegemei kuyarudisha mwakani kama kuku.

Hilo nililieleza kikaoni. Kuna mzee alikuwa anaupinga mpango toka mwanzo, hoja yake sokwe mbona tunawasikia kila asubuhi, tatizo liko wapi. Akasikiliza, akakaa kimya kidogo, akauliza, “Kwahiyo mwanangu, hawa tunaowasikia wanaweza kuwa ni walewale wa zamani?” Nikamwambia ndio mzee, inawezekana kabisa, sokwe anafika miaka 40 na kuendelea, kelele peke yake hazikuambii kama watoto wapo. Kwangu hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, na lilitokana na mstari mmoja tu wa kile kialama.

Vigezo viko vitano, A mpaka E, na vina namba za wazi ambazo hata mtu asiye msomi unaweza kumwekea mezani. Mfano kwa idadi peke yake, wakiwa wakubwa wanaozaa chini ya 250 ni EN, chini ya 50 ni CR. Kingine ni ukubwa wa eneo, na hapa mimi huwa natoa mfano wa chura wa Kihansi, yule aliyekuwa anaishi kwenye rasharasha za maporomoko sehemu isiyofika hata hekta 2, bwawa la umeme likapunguza maji, ugonjwa wa fangasi nao ukaingia, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati walishachukuliwa wengine wakazalishwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ukimsoma yule chura unaelewa kwanini tathmini ikishatoka mpango unatakiwa ufuate haraka.

Sasa LC. Hii naomba mnisikilize hasa nyie wavuvi wa Kibirizi na Katonga huku Ziwa Tanganyika. Mgebuka na dagaa wa Tanganyika wako LC kwenye tathmini ya 2006, nimeshasikia mtu anaitumia hiyo kama ruhusa ya kuvua anavyotaka. Hapana. LC inasema kutoweka duniani bado ni mbali, haisemi kwamba ukitupa nyavu utapata chakula. Ziwa linapata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, samaki wanapungua, ndo maana 2024 kwa makubaliano ya nchi za ziwa hili uvuvi ukapumzishwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, na samaki waliolengwa hasa ni haohao wa LC.

Na hapo ndo nyota yangu moja imebaki. Tathmini ikipita miaka kumi wenyewe wanaiwekea alama kwamba inahitaji kufanywa upya, huo ni uungwana, ila kwa samaki wetu ya 2006 ni zamani mno. Pia maelezo karibu yote ni Kiingereza, kwa kijiji inabidi awepo mtu wa kukaa usiku kuyaandika upya kwa Kiswahili, na sio kila kijiji kina mtu huyo.

Kingine msitegemee iwapangie. Ramani yake ni mapande makubwa, haijui bonde lipi lina viota na lipi limeshageuka shamba la mahindi. Hiyo ni kazi ya miguu, kuhesabu viota, kuuliza warina asali na akina mama wanaookota uyoga. Wenzetu wa vijiji vya jirani na Gombe, ile hifadhi ya sokwe, wametutangulia, wana mipango ya matumizi ya ardhi na walinzi wa msitu wanaorekodi kwa simu. Sisi tulichofanya ni kuchukua ile sehemu ya vitisho kwenye ukurasa wa sokwe, kilimo, uwindaji, moto, magonjwa, tukakaa na kila kitongoji kiseme kipi kipo kwake na kinatokea mwezi gani. Moto ukashinda kwa mbali, kwahiyo mpango wetu unaanza na kuchoma mapema Mei na Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, halafu ndo mipaka ya mashamba.

Ukitaka kuitumia kikaoni, pakua kurasa ukiwa mjini Kigoma kwenye mtandao mzuri, na uanze kusoma kwenye sababu za tathmini, sio kwenye picha.