Dabstepu au tekno: upande upi utawale ukumbini Mwanga, Kigoma?
Dabstepu, muziki wa densi wa besi nzito uliozaliwa kusini mwa London, na tekno, muziki wa densi wa kielektroniki wa Detroit, Marekani, hukutana kirahisi kwenye mapigo 140 hivi kwa dakika, lakini DJ anayezichanganya bado huchagua upande wa kuegemea. Kwa gharama, tekno inashinda: ngoma yake inayodunda kila pigo husikika hata kwenye spika za kawaida, ilhali besi ya dabstepu, ambayo mara nyingi hushuka hadi hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) au chini yake, hupotea pasipo sabufa (spika za besi) kubwa, nazo hudai jenereta lenye nguvu na matunzo ya kudumu. Tekno huwainua wachezaji mapema. Dabstepu hudai subira, hasa ya majirani. Mwenye spika mbili za harusi aanze na tekno; mwenye sabufa za uhakika aegemee dabstepu.