Asilimia mbili ya mshahara wangu na fulana moja ya Mei Mosi

Kwa miaka kadhaa nilikatwa asilimia mbili ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya chama cha wafanyakazi, na sikuwahi kunung'unika, kwa kuwa niliihesabu kama bima ambayo mtu huilipa huku akiomba isije ikamfaa. Mwaka jana, mvua za vuli zikianza, ilipaswa kunifaa: niliachishwa kazi kwa upotevu wa mzigo uliotokea katika zamu isiyokuwa yangu.

Nilifika ofisi ya chama siku ya tisa baada ya kupewa barua. Katibu aliipokea bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, akaiwekea kikombe cha chai juu yake, kisha akaniuliza kadi ya uanachama iko wapi. Nilimwonyesha makato kwenye hati ya mshahara. "Hiyo si kadi, ndugu. Njoo wiki ijayo." Wiki hiyo alikuwa semina Dodoma. Nilipompata siku ya 23, barua ilikuwa palepale, haijasomwa, ina duara la chai. Naye, kana kwamba ananifariji, akafungua kabati akanitolea fulana ya Mei Mosi iliyobaki, ya kuwatosha watu wawili wa umbo langu.

Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali cha migogoro ya kazi. Zikipita, huanza kwa kuomba aongezewe muda na kujieleza kwa nini alichelewa. Yule katibu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, hakunitajia hata siku moja.

Hapa ndipo nilipotaka kuandika kwamba vyama hivi ni vya kukwepwa kabisa, lakini nitakuwa mwongo. Aliyenitajia hizo siku 30 ni mwenyekiti wa tawi letu, mama wa mashine ya kufungashia, asiyelipwa na chama hata nauli. Siku ya 28, akitoka zamu ya usiku, alikaa nami tukajaza fomu ya Tume, na kwenye usuluhishi ni yeye aliyemwuliza mwakilishi wa mwajiri kwa nini niliitwa kwenye kikao cha nidhamu asubuhi na kuhojiwa mchana, ilhali kanuni inataka mtuhumiwa apewe angalau saa 48 za kujiandaa. Tulimalizana kwa suluhu, nikalipwa.

Je, yule mama si chama? Ni chama, tena ndicho hasa, ila asilimia mbili yangu ilimlisha yule mwingine, na hilo bado linanichoma kila nikiiona ile fulana. Wanaonishauri nisijiunge tena wanasahau: penye makubaliano ya ada ya uwakala, yaani ada ya kukilipa chama kinachowawakilisha wafanyakazi wote, hata asiye mwanachama hukatwa. Kwenye kazi ya sasa nimetia saini fomu ya kujiunga, baada ya kuuliza kwanza mwenyekiti wa tawi ni nani na yuko zamu ipi.