Mashine ya kusoma ABS: uzoefu wangu na Harrier ya mwaka 2004

Wakuu, nimeona nieleze kuhusu mashine hizi kwa sababu wengi wetu tunaendesha magari ya Kijapani yenye umri wa miaka ishirini hivi, na taa za ABS (mfumo unaozuia matairi kufunga unapokanyaga breki kwa nguvu) na VSC (unaozuia gari kuteleza na kupoteza mwelekeo) zikiwaka tunaambiwa kila kitu isipokuwa tatizo lenyewe. Gari langu ni Harrier ile tunayoiita tako la nyani, injini ya 2AZ. Nimelipima kwa vifaa vya aina mbili. Kimoja sikishauri kabisa kwa kazi hii. Kingine nakisifu, na sifa yake kubwa ni kwamba kinaonyesha mwendo wa kila tairi peke yake wakati gari linatembea.

Nisichokishauri ni vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Vimetengenezwa kwa ajili ya injini, yaani namba za hitilafu zinazoanza na P. Za breki huanza na C, na programu nyingi za simu hazizigusi. Zaidi ya hapo, Toyota nyingi za soko la Japani zilizotoka kabla ya 2008 hazifuati vizuri mfumo wa OBD2, yaani utaratibu mmoja wa kusoma hitilafu za gari, ambao Marekani iliulazimisha tangu mwaka 1996. Soketi inafanana, lakini simu inaweza kukwambia haioni gari lolote.

Niliyonunua baadaye ni mashine ya mkononi yenye waya wake na kioo chake, inayosoma mifumo minne: injini, gia boksi, ABS na eabegi. Kariakoo ilinigharimu zaidi ya laki nne. Kabla sijalipa niliomba tuichomeke kwenye gari langu pale pale barabarani, tukaingia sehemu ya ABS, tukaona namba za matairi yote manne zinatokea. Muuzaji akikataa jambo hilo, ondoka. Maneno ya kwenye boksi yanaweza kuwa yanahusu magari ya Marekani na Ulaya tu.

Sasa tatizo lenyewe. Nilipokuwa nikikanyaga breki taratibu kwenye lami kavu, pale gari linapokaribia kusimama, pedeli ilitetemeka mguuni kama umekanyaga breki ya ghafla kwenye utelezi. Mwanzoni hakukuwa na taa yoyote. Baadaye ABS ikawaka, na VSC pamoja nayo, kwa sababu mifumo hiyo inatumia sensa zilezile za magurudumu, zile zinazopima mwendo wa kila gurudumu. Moja ikipoteza imani ya kompyuta, yote inazimwa na unabaki na breki za kawaida.

Fundi wa mtaani kwetu hana mashine, lakini ana waya. Aliunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi, akawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS ikapepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Hiyo ni hitilafu namba 32, sensa ya gurudumu la mbele kushoto. 31 ni mbele kulia, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Njia hii ni ya bure na inafanya kazi kwenye Toyota nyingi za zamani. Jihadhari tu na tundu la 16, lina umeme wa betri muda wote. Mashine yangu nayo ilisoma C0205, ambayo ni 32 ileile. Mpaka hapo, waya wa senti chache na mashine ya laki nne walikuwa sawasawa.

"Dada, sensa imekufa hiyo, kachukue nyingine tufunge," fundi akaniambia.

Hapa ndipo ninapotaka watu wasimame kidogo. C0205 haisemi sensa imekufa. Inasema mawimbi kutoka gurudumu lile hayaeleweki. Yanaweza kuharibiwa na sensa, waya uliokatika unapopinda usukani, kutu iliyoinua sensa kutoka mahali pake, beringi iliyolegea, au ringi yenye meno inayozunguka mbele ya sensa. Tulipima ukinzani wa sensa zote mbili za mbele kwa mita ya umeme: kushoto na kulia zilisoma karibu sawa, kilo-ohm moja na nusu hivi. Sensa iliyokufa haisomi hivyo. (Kipimo hiki ni cha sensa za zamani za koili. Sensa za kisasa zinazohitaji kupewa umeme hazipimwi kwa ohm.)

Kaka yangu akashika usukani, mimi nikakaa na mashine mapajani. Nilifungua data za moja kwa moja, nikachagua matairi manne tu ili kioo kisichelewe. Kwenye kilomita 20 kwa saa matairi matatu yalisoma 20. La mbele kushoto likasoma 20, 13, 20, 26, 20, na mruko ule ulirudi kwa mpangilio, kama vile kuna kitu kinapita mahali palepale kila mzunguko. Kwenye mwendo mkubwa grafu ilitulia kiasi cha kukudanganya. Kwa hiyo pima taratibu.

Ringi ya mbele kwenye gari hili imevalishwa kwenye CV jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu) na ina meno 48. Kila jino likipita, sensa inatoa pigo moja la umeme. Kwa tairi za 225/65R17, kilomita 20 kwa saa ni kama mizunguko miwili na nusu kwa sekunde, yaani mapigo takriban 117. Ringi ikipasuka, ufa unatanua nafasi kati ya meno mawili, na kompyuta inaona gurudumu limesita ghafla. Inadhani limefunga, inaachia breki ya upande ule. Ule mtetemo mguuni ndio huo, na maana yake ni kwamba gari linachelewa kusimama wakati barabara haina shida yoyote.

Tulipiga jeki, tukazungusha gurudumu kwa mkono huku tunamulika kwa tochi. Ufa ulikuwa pale, umesukumwa na kutu iliyovimba chini ya ringi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tutegemee hilo.

CV jointi mpya nyingi za bei rahisi zinauzwa bila ringi, na zinaingia vizuri kabisa. Beba ile ya zamani dukani, hesabu meno mwenyewe. Meno yakipungua au kuzidi, tairi hilo litasoma mwendo tofauti na wenzake siku zote. Baada ya kufunga tulifuta hitilafu, tukaendesha, namba nne zikatembea pamoja. Kisha kwenye uwanja mtupu wa vumbi nilikanyaga breki kwa nguvu, nikasikia pampu inafanya kazi yake, usukani bado unatii.

Ninayo malalamiko pia. Mashine hii haiwezi kuweka upya sifuri ya sensa za mwelekeo, ile hitilafu ya C1210 au C1336 inayoweza kutokea baada ya kufungua betri au kubadilisha sensa hizo. Haiwezi pia kuendesha pampu ya ABS wakati wa kutoa hewa kwenye breki. Na betri ikiwa dhaifu inakuletea C1241, kwa hiyo pima volti kwanza.

Jambo jingine: VSC ikiwaka pamoja na taa ya injini, huku ABS imezimika, anzia kwenye injini. Kwenye Harrier hizi hitilafu ya injini pekee inatosha kuzima VSC. Lakini ABS ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiende mbali; mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea, na matairi ya nyuma yanaweza kufunga mapema.

Kuna mafundi wanaochomoa balbu ya ABS au kuiunganisha na taa nyingine ili gari liuzike. Huo ni ukatili kwa mtu atakayeshuka nalo mlima Kitonga mvua ikinyesha. Unaponunua gari, washa swichi na uhakikishe taa ya ABS inawaka yenyewe kisha inazimika.

Kama una gari moja tu na fundi wako ana mashine kamili, huna haja ya kununua. Mlipe apime, ila kaa naye ndani ya gari na mwombe akuonyeshe matairi yote manne mkitembea polepole, kabla hamjaenda kununua spea yoyote.